Mapigo Aliyoyaongeza Fundi Valvu

Mtaani walimwita Fundi Valvu, jina la enzi za redio za valvu, zilizosubiriwa zipate moto kabla hazijatoa sauti. Enzi hizo mtu akileta redio alikaa kwenye benchi, akapiga soga, akaondoka nayo ikiimba. Siku hizi kitu kikikohoa kidogo kinatupwa, na anayekitupa anajiona amestaarabika. Kompyuta Fundi hakufundishwa na mtu. Alizifungua zilizokufa, akasoma vijitabu vyake na kamusi pajani, mpaka akazielewa. Kwa hiyo lile alilolifanya halikuwa la kutojua, na hapo ndipo lilipomchoma.

Marehemu mdogo wake alikuwa na mazoea ambayo leo utayatafuta kwa tochi. Kila asubuhi alimsomea mkewe gazeti kwa sauti, mke akiwa jikoni. Wala hakusoma tu. Alibishana na mhariri, aliwaigiza wakubwa, na akifika ukurasa wa michezo alimtukana golikipa mpaka mkewe akacheka huku akimkataza. Siku nyingine alibonyeza kinasa sauti, basi tu, kwa kujifurahisha. Alipokufa, kanda zikabaki. Macho ya mjane yalipoanza kuingia ukungu, kanda hizo ndizo zikawa gazeti lake.

Kanda nazo zikachoka. Zikaanza kunata na kukatika. Mjane akazitia kwenye mfuko, akampelekea Fundi.

"Shemeji, niokolee hizi. Sina kingine."

Fundi akazipitisha moja moja, sauti ikaingia kwenye kompyuta yake. Nyingi zilicheza siku hiyo kwa mara ya mwisho, kisha zikamwagika mezani kama utumbo. Lakini sauti iliingia salama. Ilibaki kuondoa mikwaruzo, na programu ya kuiondoa ilikwenda mwendo wa konokono.

"Bado tu?" Shemeji akachungulia mlangoni. "Hiyo mashine yako inafanya kazi au imelala?"

"Inafikiri, Shemeji."

"Inafikiri! Mdogo wako angekuwa ameshamaliza gazeti la leo, anagombana na la kesho."

Wakacheka wote wawili. Lakini neno lile likamkaa Fundi rohoni. Yeye, ambaye watu waliwahi kupanga foleni mlangoni kwake, aambiwe mashine yake imelala?

Akaamua kuikimbiza.

Kompyuta ina mapigo, kama ngoma. Bodi inapiga, na prosesa, ubongo wake, inayazidisha mapigo hayo ili ipate kasi yake. Anayetaka kuiongezea mbio ana njia mbili. Anaweza kupandisha kizidishi, ambacho kinaigusa prosesa peke yake, au kupandisha mapigo yenyewe. Prosesa ya Fundi ilikuwa imefungwa kizidishi kiwandani, hakigusiki. Yakabaki mapigo. Na kwenye bodi kuukuu kama ile, mapigo yakipanda yanapanda kwa kila kitu: prosesa, kumbukumbu, hata diski inayotunza sauti. Vyote vinalazimishwa kuicheza ngoma ileile, awezaye na asiyeweza.

Fundi alilijua hilo. Ila aliogopa joto zaidi, kwa sababu joto ndilo lililomuulia redio nyingi ujanani. Akaivua kompyuta ubavu, akaielekezea feni ya mezani, akapandisha mapigo kidogo na kungoja. Ikaenda. Akapandisha tena, ikaganda. Akaipa prosesa volti zaidi, ikaamka, lakini joto likaruka. Akarudisha mapigo nyuma kidogo, akapunguza volti, akaisogeza feni. Alicheza hivyo mchana kutwa kama mpishi na chumvi, mpaka joto likatulia na programu ikawa inakimbia kweli. Akaegemea kiti, akajipongeza kimoyomoyo.

Kesho yake, alipoiwasha, kompyuta ikamwambia kuna faili limeharibika, ikataka kuikagua diski. Ukaguzi ungekula asubuhi nzima. Fundi akabonyeza kitufe, akapita. Joto si lilikuwa zuri? Akaendelea kusafisha, na kwa kuwa diski ilikuwa ndogo na imejaa, kila sauti iliyosafishwa aliihifadhi juu ya ile ya mwanzo.

Shemeji alipokuja kusikiliza, alikuja amevaa nguo ya kutokea. Akaketi kwenye benchi, mikono mapajani. Sauti ya marehemu ikasema, "Haya mke wangu, leo wakubwa wana..." kisha ikakatika, ikalia kama bati linalokwaruzwa, ikarukia katikati ya neno jingine. Fundi akafungua faili la pili. Vilevile. La tatu halikufunguka kabisa.

Shemeji akainuka kwenye benchi.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa naziweka juu ya friji, palepale penye joto. Nimemuunguza mume wangu mwenyewe."

Fundi akafungua mdomo. Kilichotoka ni hiki: "Kanda huzeeka, Shemeji."

Haukuwa uongo, na hakuna uongo uliowahi kumlemea kama maneno hayo. Aliporudisha mapigo yalipokuwa, akanasa sauti yake mwenyewe akihesabu, ikatoka safi; basi yalikuwa mapigo, si kanda. Zile za marehemu hazikurudi. Kila alipokaa mezani alikiona kile kitufe, na kidole chake mwenyewe juu yake. Akaanza kuwakaripia wateja bure.

Wiki chache baadaye, Shemeji akarudi na makasha matupu ya kanda.

"Nitupie, Shemeji. Kila nikiyaona najilaumu."

"Weka chini," Fundi akasema. "Si wewe. Ni mimi."

Akamweleza yote: mapigo, diski, onyo alilolipita. Hakujipunguzia. Shemeji alisikiliza akiwa amesimama, kasha moja mkononi.

"Kwa hiyo sauti yake ilifika kwako nzima."

"Nzima."

"Na mimi nimelia wiki hizi zote nikiitukana friji."

"Ndiyo."

"Sasa ulikuwa unakimbilia wapi, Shemeji? Mimi nilikuwa palepale nyumbani. Nimekaa."

Akaliweka kasha juu ya meza. Shemeji akatoka. Fundi akadhani amekwenda moja kwa moja, na akaona ni haki yake.

Lakini hakwenda mbali. Alirudi na gazeti la siku hiyo, akalitupa juu ya meza, katikati ya nyaya. Akaketi kwenye benchi.

"Sijakusamehe," akasema. "Soma."

Fundi akavaa miwani. Alisoma kama mtu aliyejifundisha mwenyewe, kwa uangalifu, bila kuruka neno. Shemeji akamkatiza: "Huyo mkubwa mbona unamsoma kama maiti?" Fundi akajaribu kuigiza, akaharibu. Wakafika michezo. Golikipa alikuwa amefungwa bao la kizembe kati ya miguu. Fundi akaimaliza sentensi hiyo, akasita. Hapa ndipo mdogo wake angemtukana, na yeye hakujua aanzie wapi. Akainua macho. Shemeji naye alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasubiri tusi.