Kumtafutia Bahati Kilio Kimoja

Nyinyi wa Uvira mliniuliza kwenye simu kwa nini marehemu mdogo wangu Bahati amewekewa vilio viwili, matanga mawili, hapa Durban. Nawaandikia, na majina nayataja: ni Shabani na Mulonda. Mwaka 2008, wenyeji walipotufukuza nyumba zetu kwa marungu sababu sisi ni wageni, chama chetu cha watu wa Kivu kilikuwa kimoja, tulilala chini ya turubai moja. Baadaye hao wawili wakagombania uprezida, wakakipasua. Sasa kila mmoja amesimamisha hema lake la kilio na kusema Bahati ni mtu wake.

Asubuhi niliondoka mtaani kwangu Overport kwenda kuchukua vitu vya marehemu kazini kwake. Teksi iliposimama kwenye robot, taa za barabarani, nilisikia mama mmoja akicheka kwa Kiswahili cha kwetu, nikatamani Uvira. Kule mtu akifa, mtaa mzima unakaa mahali pamoja.

Saa nne nilifika Jacobs, kwenye viwanda. Bosi wa Bahati ni Mromania, fundi wa kuchomelea vyuma. Alifanya kazi nchini kwetu, Likasi, miaka mingi, Kiswahili anakisema. Alinipa viatu na ovaroli. Ukutani iko picha ya mwanaume wa ndevu na kofia ya manyoya.

"Huyu nani, patron?"

"Mihai, mukubwa wetu wa zamani sana. Inchi zetu zilikuwa tatu, akazifanya moja."

"Zikakaa?"

"Ata mwaka haukwisha. Mwenzake wa vita akamuuwisha."

"Na bado munamutundika ukutani?"

"Niko nazeekea Durban, papa. Ukiwa mbali, unakumbuka ile siku mulikuwa bamoja."

Nilikumbatia ile ovaroli.

Saa nane, nikirudi, nilipita kwa Shabani, kisha kwa Mulonda. Wote niliwaambia: "Yaya, mukubwa wangu, kilio iko kwangu. Hema yako siingii."

Shabani akafoka: "Mulonda amekutuma, weye!"

Mulonda alicheka tu. "Eish! Utalia peke yako."

Jioni wanawake walitangulia kuja kwangu, wa pande zote mbili, na masufuria yao. Waume zao wakafuata chakula. Mwishoni waprezida nao wakaja, benchi limebaki moja. Wakabanana pale, magoti yanagusana, kila mtu anatazama upande wake.

Sijawasamehe, muwaambie jamaa zao. Lakini nimejifunza kwamba watu hawakupasuka. Waliopasuka ni hao wawili tu, kwa kugombania kiti cha uprezida.

Walipokaa wote mahali pamoja, ndipo nikamlilia mdogo wangu.