Mafuta ya Friji ya Kigombe

Siku yangu ya kwanza kazini Kigombe, Mratibu wa huduma za mama na mtoto wa wilaya alinipeleka kwanza kwenye friji, wagonjwa baadaye. Ilikuwa ya mafuta ya taa, ikiendeshwa na mwali mdogo uliowaka chini yake, na ndani mlikuwa na chanjo za surua, kifua kikuu na kupooza.

"Sista," aliniambia, "moto huu ukizimika, chanjo zinakufa. Na chanjo iliyokufa ukiitazama ni kama nzima. Utawachoma watoto maji matupu."

Tuliita kazi hiyo mnyororo wa baridi: chanjo isipate joto tangu bohari ya mjini hadi mkononi mwa mtoto. Lakini miaka ile ya uhaba, vijana, sabuni ilikuwa hadithi, na mafuta ya taa ndiyo usiseme. Mgao wa zahanati ulipochelewa, nilimimina mafuta yangu ya nyumbani kwenye tangi la friji. Nikawa nakula mapema, nafunga mlango, nakaa gizani. Nilikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, sina mume wala mtoto, wala mtu wa kupiga naye soga. Upweke ule sikuuzoea kamwe.

Kumbe watu wananitazama. Mwanamke asiyezaa, anayekaa gizani, halafu mchana anataka kushika watoto wa wenzake! Wakasema nawanga. Siku za kliniki mizani ikaning'inia tupu. Surua ilikuwa imeshaingia vijiji vya jirani, watoto wanazikwa, nami chanjo ninazo, nzima, sina wa kumchoma. Nililia, sitaki kuwaficha.

Aliyenijia ni Bi Mize, mkunga wa jadi wa pale kijijini.

"Mwanangu, mie kumsema mtu mgongoni sitaki. Kwani taa huwashi una nini?"

Nikamshika mkono hadi kwenye friji. Akainama, akaona ule mwali mdogo chini.

"Mafuta yangu yako humo, bibi."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Wallahi, twamsingizia mtoto wa watu bure!"

Kliniki iliyofuata alikuja na mjukuu wake mgongoni, kina mama wamemfuata. "Mchome huyu kwanza," alisema kwa sauti, wote wasikie. Surua ilipofika Kigombe, wale tuliowachoma walinusurika wote.

Baadaye ikaja ruhusa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, mafuta yakajaa madukani. Nikahamishiwa Moa, kisha mjini, nikastaafu.

Sasa naishi Nguvumali, hapa hapa mjini, peke yangu. Kazi ya chanjo ndivyo ilivyo: mtoto asipougua, hakuna wa kukukumbuka. Vijana wa Kigombe huja mtaani kuuza samaki, wamevaa singlendi, na kovu la sindano naliona begani. Hawanijui.

"Shikamoo, bibi! Changu wazuri leo."

"Marahaba, wanangu," naitikia, na hilo neno la pili nalitamka polepole.