Pazia la Ukuta Usio na Dirisha

Shangazi yangu ni fundi wa mapazia, na mtaani hakuna anayemwita jina lake; ni Mama Pazia tu, hata kwa mwenye duka. Ameshona miaka thelathini, na imani yake ni moja: hakuna kasoro ya nyumba isiyozibwa na kitambaa. Mlango umepinda? Kitambaa. Rangi imebambuka? Kitambaa. Nilimtania siku moja kwamba hata mumewe angemfunika kwa kitambaa, akanijibu, "Yule hata bitana lisingemsaidia."

Bibi, yaani mama yake, alipoishiwa nguvu za miguu, Shangazi alimchukua akamweka chumba cha nyuma. Chumba kile hakina dirisha. Kina matundu mawili ya hewa juu karibu na dari, basi. Shangazi akafanya alilolijua: akashona pazia zito la rangi ya maziwa, marinda yamepangwa kama yamepimwa kwa pumzi, akalitundika kwenye ukuta mtupu mbele ya kitanda. Sijaona kazi nzuri kuliko ile. Ukiingia, ungeapa kuna dirisha.

Na Bibi aliapa. Alasiri nzima aliliangalia, macho nusu yamefumba, akitusimulia yaliyo nyuma yake. Leo kuna bustani. Leo kaka zake wanacheza mpira, nao wote walikwishatangulia mbele ya haki. Sauti yake ilikuwa laini hata mimi nilianza kuusikia mpira. Kisha angesema, "Mwanangu, hebu nifungulie."

"Leo vumbi, mama. Kesho," Shangazi angemjibu.

Kesho jua kali. Keshokutwa upepo. Uongo ule ulinichoma, lakini nami nilikaa kimya, na kimya changu hakikuwa bora kuliko maneno yake.

Halafu Bibi akaacha kuomba. Akageuzia uso upande wa pili, chakula akakiona kama adhabu, na maneno yakamkauka. Hapo Shangazi akaogopa kweli. Alijua mama yake anaondoka, na hakujua kwa nini.

Akafikiri labda ni chumba, akaanza kuita mafundi. Wa kwanza alikuwa mpambaji wa nyumba, mwanamume mtanashati anayempa Shangazi kazi nyingi za kushona. Alisimama mlangoni, akakunja jicho moja. "Dada, kazi ndogo hii. Tunabandika picha ya bonde ukuta mzima, taa ndogo pembeni, wewe unafungua pazia lako. Siku mbili tu."

Wa pili alikuwa msanifu wa vyumba, binti mwenye viatu vya ujenzi na futi ya chuma mfukoni. Yeye alimwomba Bibi ruhusa, akajilaza kando yake, akatazama ukuta kwa urefu wa mto. Akainuka, akaugonga kwa vidole.

"Mama, ukuta huu haubebi paa. Nautoboa. Wiki tatu, vumbi lipo, na jirani lazima tumwombe ruhusa, maana litatazama uani kwake."

"Na pazia langu?" Shangazi akauliza.

"Litakuwa pazia la dirisha."

Shangazi alinuna siku nzima. Msichana mdogo kaingia nyumbani kwake kumwambia, kwa adabu zote, kwamba kazi yake nzuri kuliko zote ni uongo! Akamchagua mpambaji. Ningekuwa mimi pia ningemchagua. Nani asiyependa siku mbili?

Picha ilikuwa nzuri, haki ya mtu tumpe. Bonde la kijani, ukungu, kijito. Shangazi akavuta pazia taratibu, na mwanga wa taa zile ukamwagika kitandani kama asubuhi. Bibi akageuza uso. Akatazama kwa muda mrefu, mpaka mpambaji akaanza kutabasamu.

"Mbona hapiti mtu?" Bibi akauliza.

Akageukia tena upande wa pili.

Shangazi hakubishana. Jioni ile ile aliibandua picha kwa mikono yake, akampigia msanifu simu, na kesho yake akaenda mwenyewe kumwomba jirani. Bibi tukamhamishia sebuleni. Wiki tatu tulikula vumbi, tukaota vumbi, Shangazi akishona na kukohoa na kuuliza kila saa, "Bado?" Alihofia mama yake hataifikia siku yenyewe.

Aliifikia. Tulimrudisha kitandani saa nne asubuhi, pazia limefungwa, dirisha liko wazi nyuma yake. Shangazi akavuta. Looo! Nyuma ya nyumba ya jirani: tangi la maji lililofubaa, matofali yaliyobaki ujenzi, kamba ya nguo, na mwanamke anaanika soksi. Shangazi aliona aibu, mkono wake ukarudi kwenye kitambaa.

"Acha," Bibi akasema.

Akajiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. "We mwanangu unayeanika!" akaita, sauti nyembamba lakini inafika.

Mwanamke akageuka, soksi mkononi. "Abee! Shikamoo, mama!"

"Marahaba." Bibi akashusha pumzi, akamwangalia binti yake kwa upole ulionigusa moyo. "Nilidhani nimeshakufa," alimwambia, "nanyi mnaona haya kuniambia."