Waliosema Wameona

Siku hizi, huku Nyamache nilikoolewa, huja vijana wenye fulana za mradi. Wanatukalisha ukumbini, wanatupa soda, halafu wanatuambia eti zamani mtoto alikuwa wa jamii nzima. Wazee wanaitikia, ndiyo, ndiyo. Mimi hutoka nje. Nikikaa nitatukana mtu.

Nililelewa Manga, kule juu ukingoni. Baba alikufa nikiwa mdogo, mama akarudi kwao, nikabaki kwa baba mdogo. Jina lake siandiki, lakini aliyenipiga ni yeye. Si shetani, si pombe. Pombe hakuionja maisha yake yote. Alikuwa kiongozi wa kwaya. Alinipiga kwa sababu ya pareto. Nikiyachuma maua na umande, yanaoza. Nikingoja umande ukauke, nimekuwa mvivu. Sasa nichume saa ngapi?

Na alipiga kwa akili. Uso hakugusa, ni mgongo tu, chini ya gauni. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana aibu kati ya wazazi na watoto. Msichana aliyetoka utotoni hafunui mwili mbele ya mwanamume wa rika la baba yake, wala hautaji, naye mwanamume akiuona ni aibu yake. Na wazee wote wa baraza ni rika la baba yako. Ukishtaki, utamwonyesha nani? Baba mdogo alilijua hilo kuliko alivyojua nyimbo zake.

Mwalimu wangu wa darasa la tatu, maana shule nilianza nikiwa mkubwa, aliona damu imepenya kwenye gauni. Akanihamishia dawati la nyuma. Basi. Darasa hilohilo ndilo nililoishia.

Aliyenisikiliza ni mjane mmoja jirani. Kwa ukoo alikuwa mama wa wazee wote wa baraza na wa baba mdogo, kwa hiyo kwangu ni bibi, na kwa bibi hakuna chinsoni, ni utani tu.

"Wewe mke mwenzangu," aliniita siku moja kisimani, "mbona unatembea kama umemeza mwiko?"

Nikamwambia yote. Hapo akaacha utani.

"Utakaa kwangu," alisema. "Lakini nikikuchukua hivi hivi, atasema nimeiba mtoto. Lazima wazee watamke wao wenyewe."

Baraza likakaa Jumapili mchana kwa naibu wa chifu. Baba mdogo alikuja na viatu vimepakwa rangi. Mzee wa kanisa ndiye aliyeniuliza.

"Mtoto, sema. Baba yako amekupiga?"

"Ee."

"Wapi?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Walijua siwezi kujibu, wote walijua! Baba mdogo akakohoa kidogo. "Mnaona, wazee? Hata hajui amepigwa wapi." Wakacheka.

"Sasa tuamue nini?" akasema mzee wa kanisa. "Alama hakuna, kesi hakuna. Arudi nyumbani, apige magoti aombe msamaha."

Bibi alikuwa amekaa na wanawake kando ya ghala. Akainuka, akaja mpaka katikati, akanigeuza mgongo uwaelekee wale wanaume, akashika kifungo cha juu cha gauni langu, hapo mgongoni.

"Alama mnataka? Nafungua. Mtazame binti yenu, au mseme mmeona. Chagueni, wanangu."

Akafungua kimoja.

Nikasikia kiti kikianguka. Nilipogeuza shingo, wazee wamezika nyuso ndani ya kofia, na naibu wa chifu amekumbatia mgomba.

"Tumeona, mama! Tumeona! Funga!"

"Mmeona nini?"

"Amepigwa!"

"Na nani?"

"Na yeye! Na huyu! Mama, funga!"

"Atakaa wapi?"

"Kwako! Mchukue, tunakuomba!"

Akafunga kifungo. "Haya, mke mwenza. Twende."

Kule Manga bado wanaisimulia hiyo, wakicheka mpaka machozi. Mimi sicheki. Kwa bibi nilienda, ndiyo, na hakuna aliyenigusa tena. Lakini walisema wameona, macho yakiwa ndani ya kofia. Baba mdogo aliongoza kwaya mpaka akazeeka, na alipokufa, mzee wa kanisa yuleyule akasimama kaburini akamsifu kwamba alipenda watoto.

Jamii nzima! Katika jamii nzima, mtu mzima aliyeutazama mgongo wangu ni mmoja. Jioni ya baraza lile alinilaza kifudifudi karibu na moto, akanipaka samli kwa kidole, kidonda baada ya kidonda, na kila kidonda akakipa jina la mwenyewe.

"Hiki cha mwalimu. Hiki cha naibu wa chifu. Hiki, kirefu hiki, ni cha mzee wa kanisa."

"Na cha baba mdogo, bibi?"

"Chake ni kile cha kwanza," alisema. "Hivi vingine ni vya waliojua wakanyamaza. Tulia, nimalize."