Upande wa Pili wa Dawati

Juzi nilishuka Dunga, ufuoni mwa ziwa, kununua samaki, nikapita nyuma ya shule niliyosomea. Watoto walikuwa wakisoma kwa pamoja, ile sauti ya kuvuta maneno kama wimbo. Nilisimama kando ya ua, mfuko wa samaki mkononi, na ndugu yangu, nilijikuta nalia mchana kweupe.

Asubuhi za utoto wetu zilinuka moshi na omena, wale dagaa wa ziwani. Nyanya alinitilia nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya jana, ndani ya kopo, nami nikampitia binti wa jirani. Tulibeba vidumu vya maji ya kunyunyizia sakafu ya darasa, maana vumbi lake lilikuwa balaa. Mwenzangu huyo alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na alishajiamulia kwamba atakuwa mwalimu. Jioni alitupanga uani kwao akatufundisha kwa kijiti, na ole wako usinzie.

Kisha serikali ikatangaza kuwa shule ni bure. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Watoto wa ufuo mzima wakamiminika, wengine warefu kumpita mwalimu. Walimu hawakuongezwa, na vitabu vikawa vya kugombaniwa. Mwalimu wetu wa darasa la tatu, mtu mpole aliyekuwa hoi kabla ya saa nne, akayageuza madawati yakatazamana, kitabu kimoja katikati. Mimi niliangukia upande ulioelekea maandishi. Binti wa jirani akaangukia upande wa pili.

Basi akajifunza kusoma hivyo hivyo, herufi zikiwa miguu juu. Na alisoma! Alitupita sote, hakwami popote. Kwetu halikuwa jambo la ajabu, kwani wote wa upande ule walisoma namna hiyo.

Siku mkaguzi wa shule alipokuja, mwalimu alimsimamisha yeye, kwa fahari kabisa. Mkaguzi akampa kitabu. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza juu chini kama alivyozoea, akafungua kinywa asome. Hakupewa nafasi.

"Mwalimu, huyu hajui hata kushika kitabu, na uko naye darasa la tatu?"

"Bwana mkaguzi, vitabu ni kidogo, sasa hawa wa huku..."

"Sitaki stori. Arudi darasa la kwanza."

Mwalimu akatii. Alikuwa na kazi ya kulinda na watoto wake nyumbani, simlaumu. Ila yule mkaguzi bado namchukia, na sijui hata jina lake.

Mwenzangu alivumilia muhula mmoja, magoti yakigonga dawati la watoto wadogo. Halafu asubuhi moja nilipompitia, mama yake akaniambia ameenda ufuoni kuanika omena. Masomo ya jioni uani yakafa. Nilikaa na wengine tukacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, lakini hakukuwa na raha.

Hiyo juzi nilimkuta hapo ufuoni, anatandaza omena juu ya wavu. Tulikumbatiana, tukacheka, akaniambia kitinda mimba wake yuko shule yetu ileile. Tangu tuondoke, wakubwa wamebadilisha mtaala, wamebadilisha hata majina ya madarasa, na kila mwaka redioni wanaahidi kwamba mtoto wa maskini atasoma sawa na wa tajiri. Nilikuwa nikiwaamini. Siku hizi nazima redio.

"Wako wanasoma wapi?" akaniuliza.

"Kule Milimani. Shule ya kulipia."

Akatikisa kichwa polepole, bila ubaya.

"Na kama ungekuwa unakaa hapa na sisi, hii yetu ungeweka mtoto yako?"

Nilitaka kumwambia mambo yatakuwa mazuri, nikaishia kuhamisha mfuko kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Alinitazama kidogo, akainama, akaendelea kutandaza omena.