Sauti Iliyopitia Mfupani

Kuna asubuhi moja ambayo hunirudia kila ninapoona vile vifaa vyako vya kusikia vimelala mezani, mwanangu, nawe unatabasamu tu mtu akikuongelesha. Tabasamu hilo nalijua. Nilikuwa nalo nikiwa kijana, nikikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu huko Njoro, miaka ya hamsini.

Masikio yangu yalianza kutoa usaha baada ya surua, nikiwa mdogo. Yakauma weee, kisha yakanyamaza, na dunia ikanyamaza nayo. Ukitaka nikusikie ilibidi upige kelele mpaka mishipa ya shingo ikutoke.

Baba alikuwa ameumia mgongo, hawezi kazi tena, kwa hiyo nyumba tuliyokaa ilitegemea kazi yangu. Pale shambani, kazi ikiisha na nyumba imeisha. Sasa asubuhi hiyo fahali akakata kamba. Watu wanapiga mayowe, mimi natembea na ndoo yangu kwa madaha ya bwana harusi. Mzee arap Rono, mkubwa wetu wa wakamuaji, ndiye aliyenivuta ukosi wa shati, fahali akapita. Nyapara alinijia, akanipayukia usoni nisikose hata neno.

"Utakufa hapa, lawama ije kwangu! Mwezi ikiisha, wewe na watu yako mtoke!"

Nilirudi kukamua huku nikiwaza nitamwambia nini Mama. Nikaegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe kama kawaida yangu. Baada ya muda nikamwita arap Rono kwa mkono, nikamwambia huyu tumbo lake limenyamaza, hacheui, tumwangalie. Akaweka kiganja pale, akakubali. Kisha akanikodolea macho.

"Tumbo ya ng'ombe unasikia namna gani," akauliza kwa nguvu, "na mimi nikiita husikii?"

Nilijua tu kwamba nikiegemea, nasikia. Mzee hakuliacha jambo hilo. Alikwenda kwa mzungu kuniombea ruhusa, tukapanda lori la maziwa, tukashuka hospitali Nakuru.

Daktari alikuwa na chuma chenye meno mawili, kama uma wa kulia. Alikigonga, akakishika mbele ya sikio langu: kimya. Akakigonga tena, akakikanyagisha kitako chake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Mwanangu, niliruka! Kulikuwa na mlio ndani ya kichwa changu, kama nyuki mzingani. Daktari akacheka, arap Rono akacheka, mimi nikalia.

Msaidizi wake alitueleza kwa Kiswahili, akipaza sauti nisikie. Sauti huingia kwenye tundu la sikio, hutikisa ngozi nyembamba iliyo huko, na ndani zaidi ndiko inakosikika hasa. Kwangu ngozi ile ilikuwa imetoboka na njia imejaa usaha, lakini huko ndani kabisa kulikuwa kuzima. Mfupa ni njia ya pili, na ndiyo niliyokuwa nikiitumia kwa ng'ombe bila kujua. Wengine walipewa kifaa chenye kizibo cha kuingia sikioni, lakini kwangu kizibo kingeufungia usaha ndani. Nikapewa cha mfupa, kilichoachwa pale na mama mmoja wa kizungu aliyerudi kwao. Kisanduku cha kukaa mfukoni mwa shati kilinasa sauti, betri zikaipa nguvu, waya ukaipeleka hadi kwenye kidude kilichobanwa nyuma ya sikio kwa utepe wa chuma uliopita juu ya kichwa. Kidude kikitetemeka, mfupa nao unatetemeka.

Hicho ndicho babu wa hivyo vyako. Vyako vimekusanya kila kitu nyuma ya sikio. Vingine huingia mle tunduni visionekane. Na vya mfupa bado vipo kwa wenye masikio kama yangu. Kazi haijabadilika, ni kuinasa sauti na kuikuza.

Usidhani nilifurahi papo hapo. Lori lilinguruma ndani ya fuvu langu, na shati likikwaruza kisanduku nasikia kama mtu anapasua kuni. Nikaanza kukivua. Arap Rono akanishika mkono, akauinamia mfuko wangu, maana alikuwa ameshajua sikio limehamia wapi.

"Asubuhi umepewa masikio, jioni unataka kurudisha? Wacha kichwa ijifunze."

Nikaona haya, nikakiacha. Tulipofika shambani, nyapara aliniita nimempa mgongo, kwa sauti ya kawaida kabisa, nifunge lango. Nikalifunga. Akautazama ule waya, akakuna kidevu.

"Haya, rudi kwa ng'ombe yako. Mambo ya kuhama imeisha."

Nyumbani, Mama alilidaka sikio langu apige yowe lake la kila siku. Nikamwonyesha mfuko. Basi akaanza kuusalimia mfuko, "Umeshinda aje, mfuko?" huku akicheka hadi machozi. Baba hakucheka. Alikuwa kwenye kigoda, akisubiri habari moja tu. Nikawaeleza alichosema nyapara. Baba akamgeukia Mama, akasema polepole, "Basi tumebaki."

Nilimsikia. Miaka yote ile nilimjua Baba kwa kelele, nikamdhania mtu mkali. Kumbe alikuwa na sauti laini vile, na aliipasua kila siku kwa ajili yangu.

Kwa hiyo nakuambia wazi, mwanangu. Vaa vifaa vyako kila siku, hata vikikukera, mpaka kichwa kizoee. Vikibana au vikipiga mluzi, rudi kwa waliokupa wavirekebishe. Sikio likitoa usaha usilitie mafuta, nenda hospitali. Wala usione haya. Wanaokupenda wamechoka kupaza sauti, na wana maneno ambayo hayasemeki kwa kelele. Mungu akujalie siku nyingi kuliko zangu, na katika kila siku akupe mtu wa kukunong'oneza jambo jema, nawe ulisikie.