Seremala na Makomeo Yake

Seremala huyu alikuwa fundi wa milango, tena fundi kweli, ila kichwa kilianza kumchezea. Usingizi ulimkimbia. Kila kishindo mwizi, kila kivuli adui. Akawa anapigilia makomeo mlangoni kwake, juu, chini, katikati, mpaka kutoka nje asubuhi ikawa kazi ya kutoa jasho. Majirani walicheka weee. Kicheko kiliwakauka siku mkono, kwa mazoea tu, ulipopigilia komeo nje ya mlango wa choo cha mteja. Mtoto wa mteja akalisukuma likafunga, na mama mkwe wa mteja akashinda humo ndani akitukana ukoo mzima.

"Nenda zahanati," mkewe akamwambia, begi liko miguuni. "Kuna muuguzi wa mambo ya kichwa. Usipoenda, mimi na wanangu hutuoni."

"Unaniita kichaa, Mama Pacha?"

"Ningekuona kichaa ningeshaondoka. Mgonjwa ndiye nimemsubiri."

Akatoka amefura. Fundi viatu wa jirani, aliyesikia yote na asiyejua kumeza neno, akapaza sauti: "Jamani, seremala anaenda kufungwa kamba!"

"Likikuuma jino utaling'oa kwa koleo lako hilo, mjinga wewe?" seremala akamrudishia.

Zahanati, mlango wa muuguzi umevimba, haufungi. Seremala akagoma kukaa.

"Nani kafanya uchafu huu? Si wataingia!"

"Kina nani, baba?" akauliza muuguzi, mama asiyegawa tabasamu ovyo.

"Wao!"

"Wao kina nani?"

Basi akafoka. Alianza na mlango, akaishia kwa kaka yake, aliyeuawa na wezi sebuleni, naye seremala yuko chumba cha pili, uvunguni, kimya kama kiatu. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Muuguzi akamwacha afoke mpaka sauti ikakatika, ndipo akampa dawa.

"Wiki ijayo urudi tuongee tena. Wenye hali kama yako wanapona, lakini si kwa kujifungia. Na usinifokee, mimi si mlango."

Nyumbani, begi lilikuwa palepale.

"Umeongea naye?"

"Nimegombana naye."

"Wiki ijayo?"

"Nitaenda kugombana tena."

Akachukua bisibisi, akang'oa komeo la juu, akalitupa sakafuni kwa kishindo. Mkewe akalitazama.

"Bado mengine."

"Na wewe bado begi."

Mama Pacha akafungua zipu, akatoa nguo za watoto. Zake akaziacha humo humo.